Zizi Likigeuzwa Mkahawa: Kuyasoma Magonjwa ya Majengo ya Mawe ya Mashamba ya Zamani Nairobi

Simu zangu nyingi huingia mwezi wa Mei. Masika yakishapiga kisawasawa, hunipigia mwenye mkahawa wa Karen, au mwalimu mkuu wa shule ndogo ya Kitisuru, au mchungaji ambaye waumini wake wanakutana katika ghala la kahawa la zamani, na maneno huwa karibu yale yale: "Fundi, ule ukuta umerudia." Ukuta uliorudia ni ukuta uliokwisha kutengenezwa. Mara nyingi umetengenezwa mara mbili au tatu, kila mara na fundi mwingine, na kila mara kwa saruji nyingi kuliko ya kwanza.

Mimi ni fundi wa mawe. Nilianza kwa kujenga nyumba mpya kama wenzangu wote, lakini siku hizi kazi inayonipa unga ni hii: majengo ya mawe yaliyojengewa ng'ombe, farasi, kahawa na maziwa, ambamo leo watu wanalala, wanakula na wanasali. Nimeandika kwa anayemiliki au anayekodi jengo la namna hiyo na ameona kitu asichokielewa ukutani. Nianze na jambo ambalo wateja wangu hawalipendi. Ugonjwa unaouona leo, mara tisa kati ya kumi, umetokana na kazi ambayo jengo lilifanya zamani, au na dawa aliyolipaka fundi wa mwisho. Mvua unayoilaumu imeonyesha tu kilichokuwa ndani.

Kabla ya kushika tindo, uliza lilikuwa nini

Runda, Loresho, Kitisuru, Ridgeways: kabla ya kuwa mageti na kamera, sehemu kubwa ya huko ilikuwa kahawa. Lavington mapadri Wafaransa wa St. Austin's walikuwa na miche yao tangu mwanzo wa karne iliyopita. Karen na Lang'ata palikuwa na kahawa, ng'ombe na farasi. Mashamba yalipokatwa viwanja, nyumba kubwa ya mwenye shamba ilipata mnunuzi haraka, na mabanda ya mawe yakabaki nyuma yakisubiri mtu mwenye wazo.

Mfano ambao watoto wengi wa shule hapa wamepelekwa kuuona ni nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi kutoka Denmark. Ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi, Åke Sjögren. Mwaka 1917 ikanunuliwa na akina Blixen, shamba la kahawa likawashinda kwa sababu uwanda ule uko juu mno kwa kahawa, na mwaka 1931 mama huyo akarudi kwao Denmark. Ardhi ikagawanywa. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikatumika kama chuo, na tangu 1986 ni makumbusho. Makazi, chuo, makumbusho, yote katika kuta zile zile za mawe ya kijivu. Lakini angalia: siku zote ilikaliwa na binadamu. Ukuta uliozoea binadamu hugeuzwa matumizi bila kinyongo kikubwa. Ukuta uliopakana na mkojo wa ng'ombe kwa miaka arobaini ni habari nyingine.

Kwa hiyo ukifika, mtafute mzee. Pale karibu huwa hakosi mtu aliyezaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba, au ambaye baba yake alikamua humo. Mwamkie, keti naye, umwulize farasi walifungwa upande gani, maji yalipita wapi, mbolea ilirundikwa wapi. Nusu saa ya mazungumzo hayo imewahi kuniokolea wiki nzima ya kubomoa. Jengo lenyewe nalo linasema: pete za chuma ukutani kwa kimo cha kifua ni za kufungia wanyama; sakafu yenye mteremko na mfereji katikati ni zizi au chumba cha maziwa; matundu membamba ya hewa karibu na paa ni ghala; na mahodhi ya saruji yanayoshuka kwa ngazi ni kiwanda cha kahawa.

Dalili: unga mweupe ukutani, plasta inavimba na kuanguka

Huu ndio ugonjwa namba moja, na ndio unaokula pesa za watu bure.

Ukuta wa ndani, kuanzia chini hadi kimo cha kiuno au kifua, unatoa unga mweupe kama chumvi ya mezani. Rangi inafura malengelenge. Ukigonga plasta kwa kidole inatoa sauti ya debe tupu, kisha siku moja kipande kinaangukia meza ya mteja. Watu wa Pwani wanaijua hali hii na jina lake wanalo, shura.

Chanzo kina tabaka mbili, na lazima uvitenganishe kabla ya kutoa hata shilingi.

La kwanza ni maji. Mawe yetu ya Nairobi mengi ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Yana vitundu vingi kama mkate, na yanavuta maji kutoka ardhini kama utambi wa taa. Majengo ya shamba ya miaka ya 1910 na 1920 kwa kawaida hayana DPC, ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu. Hayakuihitaji. Maji yaliyopanda yalitokea kwenye viungo vya mota laini (ule mchanganyiko unaounganisha mawe), upepo ukayachukua, na ng'ombe hakulalamika.

La pili ni chumvi yenyewe. Mkojo na samadi vikikaa kwenye udongo na mawe, vijidudu huvigeuza kuwa naitreti. Chumvi hii huyeyuka kwenye maji, hupanda nayo, na maji yakikauka juu ya ukuta yenyewe hubaki na kuganda kuwa chembe. Chembe zikikua ndani ya vitundu vya jiwe au nyuma ya plasta husukuma kila kitu nje. Ubaya wake mwingine ni kwamba chumvi ya aina hii hunyonya unyevu hata kutoka hewani. Ndiyo maana ukuta unaweza kuwa na mabaka ya maji mwezi wa Julai, wakati hakuna mvua, kuna baridi na mawingu tu.

Namna ya kutofautisha: angalia saa. Mabaka yakitokea siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, una maji yanayoingia. Mabaka yakitokea asubuhi za baridi na kupotea jua likichomoza, una chumvi inayokunywa hewa. Yakiwepo daima, una vyote viwili, pole.

Maji yanapoingia, usitazame ukuta kwanza. Toka nje utazame ardhi. Kosa ninaloliona kila mahali ni kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uani. Mtu amefungua mkahawa, ametaka maegesho mazuri, akamwaga hardcore, akapanga kabro, na ardhi ya nje ikapanda ikaipita sakafu ya ndani. Ukuta sasa umezikwa. Nje panatakiwa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa angalau milimita 150, pakiwa na mteremko unaopeleka maji mbali na jengo. Ng'oa safu ya kabro iliyo karibu na ukuta, upana wa futi mbili hivi, chimba, weka kokoto safi. Halafu tazama gata. Mabanda mengi ya shamba hayakuwa na gata kabisa, maji yalidondoka kutoka upenuni yakatua kwenye nyasi. Sasa yanatua kwenye kabro na kurukia ukuta.

Chumvi nayo haiuawi. Hutolewa. Bandua plasta ya saruji yote mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Safisha unga kwa brashi kavu, uukusanye kwenye karatasi, uutupe mbali. Usioshe kwa maji, kwani utairudisha chumvi ndani na itakutembelea tena mwakani. Kisha piga plasta ya chokaa na mchanga, kipimo 1 kwa 3, bila saruji hata kijiko. Plasta hiyo ni ya kafara: itaivuta chumvi, itaharibika yenyewe badala ya jiwe, na baada ya miezi sita hadi mwaka utaibandua na kupiga nyingine. Ya pili hudumu zaidi. Wateja wangu wakisikia neno "kafara" hucheka, wakisikia "mwaka" wanaacha kucheka. Lakini waliokubali hawajanipigia tena Mei.

Dalili: harufu mvua inapoanza

Ni ndugu wa ile ya juu. Mama mmoja mwenye mkahawa ndani ya banda la farasi la zamani aliniambia wateja wake walidhani choo kimefurika. Alikuwa amebadilisha mabomba yote. Mabomba hayakuwa na kosa. Chini ya taili zake mpya palikuwa na sakafu ya mawe ya asili, na katikati ya mawe hayo udongo ulioshiba mkojo wa farasi wa kizazi kizima. Mvua za kwanza zikilowesha udongo, hewa iliyokuwa kwenye vitundu husukumwa juu na maji, ikitoka na kila ilichokilalia.

Hakuna dawa ya kumwaga. Tuliondoa taili, tukayanyanyua mawe moja moja tukiyapa namba kwa chaki, tukachimba udongo wa kina cha mkono mpaka kiwiko, tukaweka kokoto zilizooshwa na mchanga safi, tukayarudisha mawe yenyewe juu. Akakaa bila taili. Sasa wageni wanapiga picha sakafu.

Dalili: jiwe lenyewe linachunika kama kitunguu, lakini viungo ni vizima

Ukiona viungo vya saruji vimesimama kama fremu za dirisha na jiwe limeliwa ndani yake, huna haja ya kumwita mtaalamu. Jibu liko mbele yako.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 ikiwa na mafundi Wahindi na Makalasinga, ambao walijua chokaa kama wanavyojua majina yao. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa mwaka 1933; kabla ya hapo saruji ilisafiri kwa meli na reli, na mkulima aliyejenga zizi mwaka 1915 hakuwa na sababu ya kuimalizia kwenye viungo. Alitumia chokaa, au udongo mwekundu ndani na chokaa kidogo usoni. Viungo hivyo ni laini kuliko jiwe, na ndivyo vinavyotakiwa viwe. Maji hutokea hapo, uchovu wote unaishia hapo, na kila baada ya miaka mingi fundi anakuja kuvijaza upya.

Fundi wa leo akikuta kiungo kinamomonyoka anaona ugonjwa. Anapiga pointi ya saruji, nzuri, iliyonyooka, ya kupendeza macho. Amefunga mlango wa kutokea maji. Sasa maji yatokee wapi? Kwenye jiwe. Jiwe linachunika, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe, hata ukitaka kuiondoa unavunja kingo za jiwe.

Kujua una mota gani ni rahisi. Kwaruza kiungo kwa ufunguo. Kikitoa unga mweupe laini ni chokaa. Kisipotoa kitu na ufunguo ukiteleza ni saruji. Chukua kipande kutoka ndani ya ukuta ukitie kwenye glasi ya maji: kikisambaratika na kuacha maji mekundu, ukuta wako umejengwa kwa udongo, na hapo uwe mpole sana na maji.

Tiba: iondoe saruji kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kwa mkono. Usikubali grainda, itapita kwenye jiwe kabla hujasema basi. Pale saruji iliposhika mno, iache. Ni afadhali kiungo kibaya kuliko jiwe lililovunjika. Chimba kina cha kama milimita 25, lowesha, jaza chokaa na mchanga mkali kwa tabaka, gandamiza, funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima au zaidi. Chokaa haikauki kama saruji. Inarudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni. Jua la Februari likiikausha haraka inabaki kuwa unga. Nami siku hizi hupanga kazi ya chokaa Juni na Julai, wakati Nairobi imefunikwa na mawingu na kila mtu ananung'unika juu ya baridi.

Kuna dada yake ugonjwa huu, nao ni vanishi. Sijui ni nani aliyeanzisha mtindo wa kupaka mawe vanishi ing'ae kama kiatu cha harusi, lakini umeenea kwenye hoteli na nyumba za kulala wageni. Mwaka wa kwanza linapendeza. Mwaka wa pili vanishi inageuka rangi ya maziwa, kwa sababu unyevu umekwama nyuma yake. Mwaka wa tatu inabanduka na ngozi ya jiwe. Kuitoa ni kazi ya brashi, dawa ya kulainishia rangi na subira. Mashine ya kuoshea magari usiilete karibu: presha yake inaing'oa ile ngozi ngumu ambayo jiwe limejijengea kwa miaka mia, na chini yake ni laini kama biskuti.

Dalili: nyufa

Hapa watu huogopa kupita kiasi, au hawaogopi kabisa. Ufa una lugha. Usome upana wake, mwelekeo wake, na msimu wake.

Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo, kutoka kona ya dirisha kwenda kona ya jengo, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, umetoka ardhini. Nairobi ina ardhi mbili. Upande wa Kiambu na magharibi ni udongo mwekundu, mtulivu. Ukielekea Athi, Embakasi na sehemu za Lang'ata unakutana na udongo mweusi, ule mafundi wanaouita black cotton. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi wa shamba la zamani mara nyingi ni mawe makubwa yaliyowekwa kwenye mtaro wa kina kidogo, na udongo huo unaupandisha na kuushusha kila mwaka.

Weka shahidi. Bandika doa la jipsam juu ya ufa, nene kama biskuti, andika tarehe, na pembeni piga alama mbili za penseli na upime umbali wake kwa rula. Pima tena mwisho wa Februari, mwisho wa Mei, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Ufa unaofunguka kiangazi na kufunga masika unapumua na udongo. Huo usiuzibe kwa saruji. Utapasuka pembeni yake. Tafuta kinachoyafanya maji ya udongo yapande na kushuka. Mara nyingi ni mkaratusi uliopandwa mita tano kutoka ukutani, au bomba la gata linalomwaga kona moja tu. Ufa unaopanuka tu, msimu hadi msimu, bila kurudi, unasema ardhi inaondoka. Angalia tangi la maji taka. Jengo lililokuwa ghala halikuwa na choo. Mkahawa una vyoo sita, na mtu fulani alichimba tangi mahali palipokuwa karibu.

Ufa mlalo juu ya dirisha au mlango, na jiwe limenyanyuka kidogo: linta, ile boriti ya chuma inayobeba mawe ya juu, imeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na inainua ukuta. Hakuna ujanja, chuma hicho lazima kifunuliwe, kisafishwe au kibadilishwe, na ukuta ukiwa umeshikiliwa.

Ukuta uliotoa tumbo bila ufa mkubwa unatisha kuliko ufa. Kuta nene za mashambani ni ngozi mbili za mawe na katikati kumejazwa vipande na udongo. Maji yakiingia kutoka juu, kile cha katikati kinashuka na kusukuma ngozi ya nje. Gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza. Ukisikia utupu kwenye eneo kubwa kuliko meza, wahamishe watu upande huo na umwite injinia wa majengo siku hiyo hiyo.

Dalili: kuta ndefu zinaegemea nje, paa limelegea katikati

Hii niipe nafasi yake kwa sababu imenitoa jasho.

Ghala la kahawa lilikuwa limekodiwa na kanisa. Mchungaji alitaka ndani pawe wazi, spika zining'inie, waumini wa nyuma waione madhabahu. Kenchi za mtarakwa zinazobeba paa zilikuwa na boriti ndefu iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha mtu aliyesimama juu ya kiti. Kwa macho ya mtu asiyejua, boriti hiyo haifanyi chochote, imelala tu. Fundi akazikata tatu za katikati, akazipiga msasa, akatengeneza viti vya wazee. Viti vizuri kweli.

Boriti ile ndiyo iliyozishika kuta zisiachane. Paa lina uzito, na miguu yake inataka kutanuka kama mtu anayeteleza kwenye matope. Nilipofika, timazi ilionyesha kuta zimetoka nje karibu upana wa kiganja kwa juu, na jua lilipita kati ya ukuta na mabati. Nilimwambia, "Mchungaji, Jumapili hii mkutane chini ya mti." Alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa, fundi." Tukaweka nyaya za chuma zenye skrubu ya kukazia kutoka ukuta hadi ukuta, injinia akipiga hesabu, tukakaza robo mzunguko kwa siku. Kuta hazikurudi zote. Hazirudi zote kamwe. Zilisimama pale zilipofika.

Ukikuta kuta zinaegemea, hesabu boriti za chini za kenchi. Tafuta ncha zilizokatwa. Pia uliza kama vigae vya Mangalore, vile vya udongo wa kuchoma, viliwekwa mahali pa mabati, maana vigae ni vizito mara nyingi zaidi, na kenchi zile zilipimiwa mabati.

Dalili: sakafu inazama au inalia tupu

Kiwanda cha kahawa ni jengo la maji. Kahawa ilimenywa, ikachachushwa kwenye mahodhi, ikaoshwa kwenye mifereji, na maji yote yakapelekwa shimoni. Jengo linapogeuzwa ofisi, mifereji hujazwa kifusi na kupigwa slabu juu. Kifusi hushuka, slabu inabaki ikining'inia, na mvua kubwa huikumbuka njia ya zamani. Kabla ya kumwaga slabu, fuata kila mfereji mpaka mwisho wake. Mimi hupendekeza uuache mmoja wazi, uutie wavu wa chuma juu, upokee maji ya dharura. Ulichimbwa kwa akili na watu waliojua mteremko wa kiwanja kuliko sisi.

Mchwa, paa na mugumo

Mchwa: mtarakwa wa zamani wanauogopa. Wanachokula ni mbao mpya za saipras zilizotiwa kama kiraka. Ukiona njia za udongo zinapanda ukutani, zifuate mpaka kiraka, badilisha kwa mbao iliyotiwa dawa, na usiruhusu mbao yoyote iguse ardhi.

Paa linalovuja kwenye matundu ya misumari ya mabati, badilisha misumari kabla ya kubadilisha mabati.

Mugumo ukiota kwenye ukuta, mizizi yake itaupasua, huo ndio ukweli. Mche wa kidole ng'oa leo. Mugumo mkubwa uliosimama pembeni ya jengo usiukate kabla hujaongea na wazee wa hapo. Kwa Wakikuyu ni mti wa ibada, na pia, kwa lugha ya kifundi, mizizi ikioza ndani ya ukuta inaacha mashimo mahali pa mizizi. Mara nyingi nimeishia kuupunguza matawi na kuuacha.

Karatasi

Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha kaunti, hata kama hujagusa jiwe. Na ulizia kama jengo limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kumbukumbu chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Likiwa limetangazwa, hugusi kitu bila idhini. Likiwa halijatangazwa, piga picha kila ukuta kabla ya kuanza. Utanishukuru fundi wa pili akija.

Dalili isiyoonekana: mahali ambapo nyasi hazioti

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu haina unga wala ufa, na ndiyo pekee ninayoweza kuiacha kazi kwa ajili yake.

Shamba la ng'ombe lilikuwa na dipu, yaani josho la kuogeshea ng'ombe kwa dawa. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ulimaliza mifugo, na dawa ya kwanza iliyotumika sana dhidi ya kupe ilikuwa na arseniki. Kupe walipoizoea zikaja dawa nyingine, nazo si nzuri. Arseniki haiozi. Ni elementi; itakuwa pale pale ilipomwagika, wanyama walipotoka na kujikung'uta, mahali dipu lilipokuwa likimwagwa kila lilipobadilishwa maji.

Dalili zake ni za mazingira: mtaro mrefu mwembamba wa saruji uliojazwa takataka, ngazi zinazoshuka upande mmoja na kupanda upande mwingine, uwanja wenye sakafu inayorudisha maji kwenye shimo, na kipande cha ardhi kisichootesha vizuri. Nimekuta dipu limegeuzwa bwawa la samaki wa mapambo. Nimekuta jingine limejazwa udongo na kupandwa sukuma wiki za jikoni la mkahawa, kwa nia njema kabisa, na bango dogo lililoandikwa "kutoka shambani hadi mezani".

Hapo usichimbe na usihamishe udongo. Weka uzio watoto wasicheze. Peleka sampuli kwenye maabara inayopima metali nzito, maana ile ya kupima rutuba ya shamba itakuambia tu kuhusu mbolea. Chukua kutoka mahali pengi: shimoni, kwenye uwanja wa kudondoshea, na hatua ishirini mteremkoni, maana maji ya mvua yana miguu. Kama kuna kisima, nacho peleka. Majibu yakiwa mabaya, NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, waitwe, na udongo usiende kwa lori la mtu anayeuza udongo wa bustani kando ya Ngong Road.

Yule mwenye sukuma alizing'oa siku ile ile mbele yangu, akabaki na mafungu mikononi akiuliza kama angalau anaweza kumpa ng'ombe wa jirani. Nikamwambia hapana, mama, wala ng'ombe.